Mbwa Kipofu Chini ya Kitanda cha Mwanangu

Alhamisi, tarehe 11 Februari 1954, saa tatu kasorobo asubuhi. Mvua kubwa iliyoanza alfajiri ilikuwa imepungua na kubaki manyunyu, upepo ukivuma kutoka baharini, na njia yote ya kutoka bandarini hadi Chikongola ilikuwa matope matupu.

Nilifungua mlango wa chumba cha mzazi, nikamkuta mbwa.

Alikuwa amelala chini ya kitanda. Juu ya kitanda hicho alilala mwanangu wa kwanza, umri wake siku tano.

Mbwa yule alikuwa kipofu. Alikuwa kiziwi. Mguu wake mmoja wa nyuma ulikuwa wa kuburuta. Alfajiri nilimwacha nimemfunga katika banda lililokuwa hatua arobaini kutoka nyumbani, na fundo la kamba nililifunga kwa mkono wangu.

Basi alifikaje pale?

Nimepita miaka tisini sasa. Jibu la swali hilo nililipata siku kumi baadaye, na sijalisema hadharani mpaka leo.

Nianze na deni.

Mwaka 1947 marehemu baba yangu, Mzee Abdallah, alikuwa akilima muhogo na korosho upande wa Mnazi, kuelekea mdomo wa Mto Ruvuma. Asubuhi moja nguruwe pori dume alimvamia shambani na kumwangusha chini.

Jirani yake, Mzee Shaibu Nandonde, alikuwa na mbwa wa kulinda shamba. Mbwa yule akajitupa katikati. Jino la nguruwe lilimtoa jicho la kushoto, likampasua nyonga, naye hakuachia mpaka mwenye mbwa alipofika na mkuki.

Baba akaishi miaka minne zaidi.

Jina la mbwa lilikuwa Watasema. Kwetu mtu humpa mbwa jina ili jirani alisikie anapomwita, na Mzee Shaibu alikuwa na majirani wenye midomo.

Baba alitaka kumpa mbuzi wawili. Mzee Shaibu akakataa.

"Mbuzi ninao, Abdallah. Siku nikiwa na haja nitakuja kudai."

Mwaka 1951 baba akiwa katika ugonjwa wake wa mwisho aliniita.

"Alawi, Mzee Shaibu hajadai. Akija nami nimekwisha kwenda, utanilipia?"

"Nitalipa, baba."

"Chochote atakachotaka?"

"Chochote."

Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka shule ya bweni ya serikali, ambako kwa miaka miwili nilikuwa kiranja wa bweni. Pale kengele ikilia, unasimama. Ukisema utafanya, hesabu umekwisha kufanya. Wenzangu wengi waliyaacha hayo siku walipovua sare. Mimi sikuyaacha, na nilijivuna kwamba sikuyaacha.

Mzee Shaibu alikuja kudai Septemba 1953.

Wakati huo nilikuwa karani bandarini, nikihesabu magunia ya korosho yanapoingia melini. Nilikuwa nimemwoa Mwanaamina, binti wa Mikindani, naye alikuwa na mimba ya miezi minne.

Mzee alifika Jumapili asubuhi akiwa amembeba mbwa mgongoni, amemfunga kwa shuka kama mtu anavyombeba mgonjwa kumpeleka zahanati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako alikuachia maneno?"

"Aliniachia."

"Basi sikuja kuomba. Nimekuja kudai."

Akamshusha mbwa polepole. Sikumtambua. Jicho lililobaki lilikuwa limeingia ukungu mweupe. Mbavu zilihesabika. Alipotua chini aligeuza kichwa huku na huku, pua juu, akitetemeka.

"Binti yangu yuko Kionga, ng'ambo ya Ruvuma," Mzee Shaibu akasema. "Ananitaka nikazeekee kwake. Mkwe wangu hataki mbwa. Nikimwacha kijijini watamponda marungu kabla sijafika mtoni. Mtunze mpaka afe kifo chake. Asipigwe, asitupwe, asiuawe. Akifa, mfukie. Hapo baba yako hana deni na mimi."

"Nimekubali."

"Hujauliza kazi yake."

"Hakuna haja ya kuuliza, mzee."

"Haja ipo. Umesoma mengi, Alawi, lakini hili hujalisoma. Kaa chini."

Nikakaa chini, nimevaa kanzu yangu iliyopigwa pasi, nikafundishwa kumtunza mbwa.

Hasikii, akaniambia, kwa hiyo usimwite. Haoni, kwa hiyo usimguse ghafla, atauma kwa hofu na hatakusudia. Simama upande upepo unakotoka, piga mguu chini mara tatu, subiri. Ardhi itamwambia umefika na pua itamwambia ni nani. Magego hana, kwa hiyo uji wa muhogo, na dagaa waliopondwa mpaka walainike. Mgeuze ubavu mara mbili kwa siku, la sivyo atachubuka nyonga na funza wataingia.

Kisha akapiga mguu chini mara tatu. Watasema akatulia papo hapo, akajiburuta na kumwekea mzee kidevu juu ya mguu.

Mzee aliondoka bila kugeuka nyuma.

"Bwana," Mwanaamina akaniambia, "mbwa? Nyumba tunayoswalia?"

"Hataingia ndani."

"Na mama akija?"

"Mama atamkuta bandani."

Mama yake, Bi Hamisa, alikuja wiki ile ile. Alisimama uani, akalitazama banda, akajifunika pua kwa ukaya.

"Ee Mola! Niliambiwa nimemwoza mwanangu kwa karani. Kumbe mchunga mbwa!"

"Ni amana, mama."

"Amana huwekwa dhahabu, mkwe wangu. Hicho ni kidonda chenye mkia."

Kwa heshima ya mkwe sikujibu. Badala yake niliandika kanuni sita kwa mwandiko mzuri na kuzibandika nyuma ya mlango. Mbwa asivuke nusu ya ua. Mjamzito asimguse. Chombo chake kiwe kifuu kimoja, kisichanganywe na vyombo vya nyumbani. Na kadhalika.

Kanuni ya mwisho ilikuwa ya kujitoharisha. Utotoni chuoni, tulikosomea Kurani, tulifundishwa kwamba palipoguswa na mate ya mbwa paoshwe mara saba, na moja ya hizo iwe kwa udongo. Mimi niliona moja haitoshi. Nikiwa nimemlisha mbwa niliosha mikono mara saba, na zote saba nilitia udongo.

Udongo huo niliuweka katika debe kando ya mlango. Niliuchimba palipokuwa zizi la mbuzi la mpangaji wa zamani, kwa kuwa ulikuwa laini na hauna changarawe.

Bandarini habari zikaenea. Juma, nyapara wa makuli, ndiye aliyekuwa kinara wa dhihaka.

"Karani! Mbwa wako kaamkaje?"

"Hesabu magunia, Juma."

"Nahesabu, bwana mkubwa. Nauliza tu, mwisho wa mwezi naye anapanga foleni ya posho?"

Makuli wakaangua kicheko, gunia kichwani. Niliandika hesabu yangu bila kuinua uso.

Miezi ikapita. Nilimlisha kabla ya kazi na baada ya kazi, nikamgeuza ubavu, nikamwosha. Sikumpenda. Sitadanganya. Nilikuwa ninalipa deni, na mlipaji hahitaji kupenda.

Aliyempenda ni Mwanaamina.

Desemba nilirudi nikamkuta amechuchumaa mlangoni mwa banda na tumbo lake la miezi saba, akimpaka mbwa mafuta ya nazi nyongani.

"Kanuni ya pili," nikasema.

"Namwona anaumia, bwana. Nampaka kwa kijiti, sijamgusa."

"Inuka."

"Analia. Yeye mwenyewe hajisikii, lakini mimi namsikia."

"Mwanaamina, inuka."

Akainuka. Nilidhani jambo limekwisha.

Mtoto alizaliwa Jumapili, tarehe 7 Februari. Wa kiume. Mkunga alikata kitovu, akakifunga kwa uzi safi, akasema kisiguswe mpaka kidondoke chenyewe. Nilisema atapewa jina la baba yangu, Abdallah, siku ya saba. Jumatano Bi Hamisa alikwenda Mikindani kuandaa akika, jirani mmoja akabaki kumchungulia Mwanaamina asubuhi na jioni.

Alhamisi mvua ikanyesha. Korosho hazipakiwi kwenye mvua. Saa mbili na nusu tukaambiwa tuondoke, nami nikafika nyumbani wakati ambao sikutazamiwa.

Hapo ndipo nilipomkuta mbwa.

Mwanaamina alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, nywele zimelowa. Alipeleka macho kwangu, kisha chini, kisha kwangu tena.

Nilimfunua mtoto. Kitambaa alichofungiwa kilikuwa na unyevu tumboni, pale pale penye kitovu.

"Amemlamba," nikasema.

"Hakumgusa."

"Nguo imelowa."

"Ni mkojo, bwana. Wallahi hakumgusa. Sikiliza nikwambie—"

"Nyamaza."

"Hakumgusa! Mimi ndiye—"

"Nimesema nyamaza!"

Akanyamaza.

Nilimtoa mbwa nje kwa kamba, akiburuzika, nikamfunga penye mti wa mwembe mchanga, mvuani. Nikarudi na debe la udongo na maji.

Nilimwosha mwanangu mara saba. Mara zote saba kwa udongo. Nilianzia tumboni. Nilikuwa nikihesabu kwa sauti, kama ninavyohesabu magunia, nisije nikakosea. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Kitovu kilivuja damu kidogo katika mara ya nne, nami nikaendelea, kwa kuwa niliona kuishia njiani ni dhambi ya pili.

Mwanaamina aligeukia ukutani.

Nilipomaliza nilimfunga nguo kavu, nikamrudisha kwa mama yake. Nilijiona mtu aliyetimiza wajibu mahali ambapo wengine wangelegea. Hivyo ndivyo nilivyojiona. Naandika kama ilivyokuwa.

Jumamosi tulifanya akika. Tulikula, tukasoma, Abdallah akapewa jina lake.

Jumatano iliyofuata hakutaka kunyonya.

Bi Hamisa, aliyekuwa amerudi kwa akika, alijaribu kumtia chuchu ya mamaye mdomoni. Mdomo haukufunguka. Alasiri mwili ukaanza kukakamaa. Mlango ukifungwa kwa kishindo, alijikunja kinyumenyume kama upinde, ngumi zimekaza, uso umekunjamana kana kwamba anacheka.

Nilikimbia kumwita Omari, dresa wa zahanati. Alimtazama muda mrefu bila kumgusa.

"Pepopunda," akasema. "Kitovu mlikipaka nini, karani? Mafuta? Majivu? Kinyesi cha ng'ombe? Watu hupaka."

"Hatukupaka dawa yoyote," nikajibu.

Lilikuwa jibu la kweli, neno kwa neno. Mwanaamina aliinua uso akanitazama.

Abdallah alifariki Ijumaa, tarehe 19, kabla ya adhuhuri. Tulimzika alasiri. Kaburi lake lilikuwa fupi kuliko mkono wangu ukinyooshwa.

Jumamosi matangani wanaume walizungumza juu ya kitu kimoja tu.

"Mbwa kaingia chumba cha mzazi, mtoto kafa. Wataka ushahidi gani tena?" Juma alisema. Safari hii hakuwa akicheka. Alikuwa na wanawe watatu. "Mbwa kipofu, kiziwi, kafungwa kamba. Anaijuaje njia? Katumwa huyo."

"Na nani?" mmoja akauliza.

"Na mwenyewe. Kwani mzee yule aliondoka kwenda ng'ambo kwa nini? Alimwacha mbwa amfanyie kazi."

Wote wakanigeukia.

"Karani, tupe ruhusa. Tummalize leo."

Nilikuwa nimeahidi asiuawe. Nilikuwa nimemzika mwanangu. Nikawaambia wangoje mpaka kesho, Jumapili, alasiri. Nitamtoa mwenyewe.

Lakini mtu wa namna yangu havunji ahadi hivi hivi. Nilitaka idhini. Jumapili asubuhi nilikwenda kwa Shehe Selemani, nyumba yake ikiwa hatua mia mbili kutoka kwangu, anifungue katika ahadi yangu ili mbwa auawe bila mimi kuwa mwongo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama hakimu.

"Ulimwona mbwa akimlamba mtoto?"

"Sikumwona. Nguo ilikuwa imelowa."

"Imelowa kwa nini?"

"Mke wangu alisema ni mkojo."

"Yeye alikuwamo chumbani?"

"Alikuwamo."

"Na wewe?"

"Nilikuwa bandarini."

"Basi shahidi aliyekuwapo amesema hakumgusa, na wewe ambaye hukuwapo umesema amemgusa. Ukahukumu kwa neno la nani?"

Nilihesabu mashahidi moyoni, nikapata mmoja tu.

"Haya. Ulifanya nini baada ya hapo?"

Nikamweleza. Mara saba. Udongo mara zote saba. Nilipofika penye kitovu niliona amefumba macho.

"Nani alikuambia utie udongo kwenye jeraha la mtoto wa siku tano?"

"Nilifuata sheria, shehe."

"Sheria gani? Mbwa aliyekauka akipita karibu nawe hakunajisi. Shaka tupu haikulazimishi kitu. Na hata kama angemlamba kweli, dini haikukutaka umtie mtoto madhara. Ungepiga hodi hapa. Hatua mia mbili, Alawi! Hukuja kuuliza. Ulikuja leo, na leo umekuja kuomba ruhusa ya kuua." "Dresa alisema ni ugonjwa gani?"

"Pepopunda."

"Mimi sikusoma hayo. Wewe umesoma. Pepopunda hutoka wapi?"

Nilijua.

Shuleni tulikuwa na somo la afya. Katika mtihani wa mwisho swali la nne lilihusu pepopunda, nami nilikuwa nimeandika, kwa mwandiko ule ule mzuri, kwamba hukaa katika udongo wenye samadi ya wanyama na huingia mwilini kwa njia ya kidonda. Nilipata alama tisini na mbili kwa mia. Mwalimu aliusoma mtihani wangu mbele ya darasa.

"Mbwa hana kesi," Shehe Selemani akasema. "Mimi nimeulizwa na nimejibu. Siri yako siitoi. Kuisema ni juu yako."

Nilirudi nyumbani.

Mwanaamina alikuwa uani. Mizigo yake ilikuwa imefungwa. Mkononi alikuwa ameshika kamba, na mbwa alikuwa amelala juu ya gunia, kidevu juu ya mguu wake.

"Wamesema utamtoa alasiri," akaniambia.

"Simtoi."

"Umejua, basi."

"Nimejua habari ya udongo. Sijui aliingiaje chumbani."

Akacheka bila furaha. "Nilimwingiza mimi."

"Wewe?"

"Banda lilijaa maji. Nilimwona dirishani, maji yamemfika kifuani, anapapasa ukuta na pua, anazunguka, hajui mlango uko wapi. Alikuwa anazama, Bwana Alawi, ndani ya banda ulilojenga wewe kwa kipimo. Nikaenda. Nikapiga mguu mara tatu, nikafungua fundo lako, nikamkausha kwa gunia, nikamlaza chini ya kitanda. Nilitaka kumrudisha kabla hujaja."

"Mzazi wa siku tano, ukatoka kwenye mvua?"

"Nikatoka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia!" Hapo alipaza sauti mara ya kwanza tangu nimwoe. "Nilisema hakumgusa. Nikarudia. Nikataka kukueleza, ukasema nyamaza. Ningefanyaje, nikunyang'anye mtoto? Nilikuogopa. Mbwa sikumwogopa hata siku moja. Wewe ndiye niliyekuogopa."

Bi Hamisa alitoka ndani na kibegi. Hakunitazama.

Mwanaamina akanitia kamba mkononi.

"Mimi sitasema kwa watu," akaniambia. "Mama anajua, inatosha. Maneno haya ni yako. Yaseme mwenyewe."

Wakaenda Mikindani. Mwezi wa tano alidai talaka, nami nikampa.

Alasiri ile Juma na wenzake walikuja na marungu. Nilisimama mlangoni mwa banda.

"Nimebadili nia. Nimeahidi."

"Umerogwa!" Juma akanipigia kelele. "Mzee yule amekuroga na wewe!"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo niliufungua. Niliwatazama wale watu, makuli wanaonipisha njia, wanaoniletea barua zao niwasomee, nikaona watakavyonitazama tangu siku hiyo. Nikaufunga.

"Nendeni," nikasema.

Wakaenda. Na kwa kuwa sikusema, walijitafutia wenyewe la kusema.

Kwa miezi saba niliishi na mbwa yule peke yangu. Sikumfunga tena mbali. Alilala barazani, karibu na mlango. Nilimpondea dagaa. Nilimchemshia uji, nikaupoza, nikamnywesha kwa kiganja kwa sababu kufikia Julai alikuwa hawezi hata kuramba kifuu. Nilimbeba kwenda haja. Nilimtoa funza mmoja mmoja kwa mwiba. Nilijifunza kumsikia akilia, sauti nyembamba sana, ambayo kwa miezi mitano ya kwanza nilikuwa nimepita kando yake bila kuisikia.

Baada ya hapo nilinawa kama nilivyofundishwa chuoni. Mara saba, moja kwa udongo. Si zaidi.

Alikufa Septemba, asubuhi, kichwa kikiwa juu ya mguu wangu. Nilichimba shimo la kina cha kifua nikamfukia.

Mzee Shaibu alivuka kurudi Novemba, kuja kuokota korosho zake. Hakukuta nyumba. Wanakijiji walikuwa wameichoma tangu Machi, habari za mtoto zilipowafikia. Walimfukuza kwa mawe mpaka barabarani. Akatembea kuja kwangu, akafika Ijumaa, tarehe 19, karibu na saa sita mchana, jua kali, ana jeraha juu ya nyusi.

Nilimpa maji. Hakuyanywa.

"Watasema yuko wapi?"

Nikamwonyesha kaburi.

"Alikufa kifo chake?"

"Kifo chake, mzee. Alikunywa uji jana yake."

Akainama, akaweka kiganja juu ya udongo, akakaa hivyo. Kisha akainuka.

"Basi baba yako hana deni na mimi. Limekwisha." Akajifuta damu kwa ncha ya shuka. "Sasa niambie. Mwanao alikufa kwa nini?"

Sijawahi kumdanganya mtu aliyeniuliza uso kwa uso. Nilimwambia yote. Mvua, gunia, nguo iliyolowa, debe, mara saba.

Mzee yule alilia. Alimlilia mtoto, si nyumba yake. Alipomaliza akanishika mkono.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Leo ni Ijumaa. Twende msikitini wote wawili. Baada ya swala simama uwaambie hivi hivi ulivyoniambia. Maneno machache tu. Nami nitaweza kurudi kwangu nikafie penye mikorosho yangu."

Nilitoa mkono wangu katika mkono wake.

"Nitakujengea nyumba nyingine, mzee."

"Sikuja kudai nyumba."

"Nitawaambia kwamba wewe si mchawi. Nitaapa."

"Watauliza, kama si yeye ni nani? Utawajibu nini?"

Niligeuza uso nikatazama njiani.

"Alawi, huko wananiita muuaji wa mtoto. Jina hili si langu. Ni lako. Nakudai ulichukue."

Muadhini alikuwa ameanza kuadhini. Watu walikuwa wanapita njiani na kanzu zao, wengine wakinisalimu: karani, karani.

"Nimemtunza mbwa wako mpaka akafa," nikamwambia. "Hilo nililoahidi nimelilipa. Hili jingine silipi."

Akanitazama kama mtu asiyesikia vizuri.

"Hulipi?"

"Silipi, mzee."

Aliokota fimbo yake akaenda. Alivuka Ruvuma siku ya pili, na huko Kionga alifia, miaka mitatu baadaye, kwa mkwe ambaye hakumpenda.

Mtakaonisoma mtapenda kuniambia kwamba leo nimelipa. Hapana. Kulipa ni kumpa anayedai, na anayedai amekwisha kufa. Nawaandikia ili ninyi ambao nyumbani kwenu kuna watu wanaowaogopa muulize kwanza, na mkijibiwa msikilize. Aliyekuwamo chumbani anajua kuliko aliyetoka kazini na kanuni mfukoni. Na mkikosea, semeni siku ile ile, kabla mtu mwingine hajalibeba kosa lenu akaenda nalo ng'ambo ya mto.

Mimi niliombwa kwa upole, mchana, na mzee aliyekuwa na haki. Nikakataa.